Je, Wajua Nani Alikikagua Kidonge Chako?

Je, wajua kwamba Bodi ya Dawa na Sumu ina umri mkubwa kuliko Kenya huru? Sheria iliyoizaa, Sura ya 244, ilianza kazi mwaka 1957, miaka 6 kabla ya bendera yetu kupandishwa. Kila kidonge unachonunua leo Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago kinatakiwa kipite mbele ya macho ya bodi hiyo kwanza.

Sasa shangaa zaidi. Usajili wa dawa moja moja nchini ulianza mwaka 1982! Kwa miaka 25 sheria ilikuwepo na bodi ilikuwepo, lakini utaratibu wa kusajili kila dawa kabla haijauzwa ulikuwa bado haujaanza.

Na hospitali ya Chogoria, ile unayoipita ukitoka Embu kwenda Meru? Ilianzishwa mwaka 1922 na Dkt Archibald Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland. Ilikuwa imetibu watu kwa miaka 35 sheria hiyo ilipoanza kazi.

Hebu niambie: Embu, nani anaweza kusajili dawa mpya, gavana au hospitali kuu ya kaunti? Hakuna hata mmoja! Mwaka 2013 afya iligatuliwa kwa kaunti 47 na hospitali zikahamia kwa magavana, lakini usajili wa dawa ukabaki kwa serikali ya taifa. Dawa ikikataliwa Nairobi, imekataliwa Laare na imekataliwa Kiritiri.

Unajiuliza kwa nini sumu na dawa zikalazwa chini ya bodi moja? Sikia habari ya warfarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa Marekani kama sumu ya panya; mwaka 1955 Rais Dwight Eisenhower alipopatwa na mshtuko wa moyo, akatibiwa kwa hiyo hiyo. Leo ni dawa ya kawaida kwa wagonjwa ambao damu yao huganda pasipotakiwa.

Huna haja ya kwenda Marekani. Wawindaji wa zamani wa Tharaka na Mbeere walichemsha sumu ya mishale kutoka kwa mti wa msungu, ambao wanasayansi huuita Acokanthera. Ndani yake mna ouabaini, kemikali inayoweza kuusimamisha moyo. Na madaktari wa Ulaya waliwahi kuwapa wagonjwa wa moyo kemikali hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo mno!

Bado hujashangaa? Laikipia, jirani kabisa na Meru, yupo panya mkubwa wa manyoya marefu anayetafuna gome la msungu kisha kujipaka mate hayo yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, mbwa huugua na hata kufa. Panya mwenyewe haumwi na kitu. Watafiti walilithibitisha jambo hili mwaka 2011, na mimi kila nikilifikiria nashangaa upya.

Mti mwingine wa kwenu: Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Unaota kwenye misitu ya Mlima Kenya. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat aliandikisha hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome lake, na tangu hapo magome ya Afrika yakawa yanasafiri kwenda Ulaya. Yalichunwa mengi mno hata ikabidi, kuanzia mwaka 1995, biashara yake kati ya nchi na nchi iwekwe chini ya mkataba wa dunia wa kulinda mimea na wanyama. Umewahi kuupita njiani ukadhani ni kuni tu?

Na dawa za mitishamba zilizofungwa vizuri kwenye chupa, zenye lebo na picha ya jani? Hizo pia zinatakiwa zisajiliwe na bodi. Kuitwa "ya asili" hakuiondolei chupa deni hilo.

Haya, tufike Igembe. Je, wajua kwamba mmea wa miraa haumo kwenye mikataba ya dunia ya dawa za kulevya, lakini kemikali yake kuu imo? Inaitwa kathinoni, na imewekwa Jedwali la 1 la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, lile kali kuliko yote. Mmea haumo, kiini chake kimo!

Na unajua ni kwa nini magari ya miraa hukimbia vile? Kathinoni huanza kuvunjika mara tawi linapokatwa, na ndani ya takriban saa 48 nguvu nyingi imekwisha. Ndiyo maana kule Maua na Laare hufungwa kwa majani ya migomba ili ibaki mbichi. Natamani madereva wapunguze mwendo kwa ajili ya walio barabarani, maana kuna watoto wanaovuka kwenda shule.

Uingereza iliifungia miraa mlango tarehe 24 Juni 2014. Miaka 2 baadaye, Kenya ikaiingiza rasmi kwenye sheria ya mazao. Mmea ule ule, nchi mbili, majibu mawili.

Muguka wa Mbeere nao umeshatikisa mahakama. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo. Upende muguka au usiupende, ona jinsi ilivyo kazi kubwa kuamua kipi ni zao na kipi ni dawa!

Sasa shika vizuri benchi. Duniani kote kuna nyoka mmoja ambaye makao yake ni misitu ya upande wenu tu: kandokando ya Mlima Kenya karibu na Chuka, na huko Nyambene. Jina lake ni Atheris desaixi, ana magamba meusi yenye kingo za manjano, na wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Hakuna kiwanda popote duniani kinachotengeneza dawa maalumu ya sumu yake!

Dawa za nyoka hutengenezwaje, unajua? Mara nyingi farasi hudungwa sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo huchujwa na kusafishwa. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India inaweza isifue dafu mbele ya bafe wa Mbeere. Kwa hiyo kazi ya bodi si kuuliza "ni dawa ya nyoka?" tu, bali "ni ya nyoka yupi?"

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Hata hivyo, kuumwa na nyoka kuliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017 tu. Juzi!

Hili linalofuata nitalisema polepole. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu na kaunti nyingine, na wengine wakabaki vipofu. Mililita 10 tu za methanoli safi, yaani vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu. Na ajabu ni hii: hospitalini methanoli huzuiwa ama kwa dawa iitwayo fomepizoli, ama kwa ethanoli, kilevi chenyewe, kwa kipimo cha daktari. Usijaribu nyumbani, kimbiza mgonjwa hospitali.

Je, wajua kwamba mwanamke mmoja aliwahi kuokoa maelfu ya watoto kwa kukataa kutia sahihi? Dkt Frances Kelsey alikuwa na wiki chache tu kazini katika mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1960 alipoletewa maombi ya thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyokuwa tayari inauzwa Ulaya. Kampuni ikamsukuma, akasema leteni ushahidi zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka 1961 ukweli ulikuwa wazi: zaidi ya watoto 10,000 duniani walizaliwa na viungo pungufu kwa sababu mama zao waliimeza wakiwa wajawazito. Kelsey aliishi hadi miaka 101, na kwangu huyo ndiye shujaa wa kila afisa anayekaa na faili mezani huku akiharakishwa.

Na thalidomaidi haikufa! Mwaka 1998 Marekani hiyo hiyo iliiidhinisha kwa matatizo fulani ya ukoma, chini ya masharti makali mno. Dawa ile ile, mgonjwa mwingine, jibu jingine.

Rudi nyuma kidogo, mwaka 1937. Kampuni moja ya Marekani iliyeyusha dawa ya bakteria ndani ya daithailini glaikoli, kemikali tamu iliyo ndugu wa ile inayotiwa kwenye rejeta za magari. Watu zaidi ya 100 walikufa. Na kisheria, je? Hakuna aliyelazimika kuipima kabla ya kuiuza! Sheria kali ilikuja mwaka uliofuata.

Ungedhani dunia ilijifunza ikamaliza. Mwaka 2022, miaka 85 baadaye, karibu watoto 70 walikufa Gambia, na dawa za maji za watoto zikakutwa na sumu ile ile. Kemikali hiyo ni tamu na ni ya bei nafuu, na kwa macho huwezi kuitofautisha na kiyeyusho salama.

Hapa kwetu je? Aprili 2024 maabara ya Nigeria iliripoti kuikuta kemikali hiyo kwenye kundi moja la Benylin ya watoto, namba 329304. Bodi yetu ikatoa amri kundi hilo liondolewe madukani mara moja wakati uchunguzi unaendelea, na nchi nyingine kadhaa za Afrika zikafanya hivyo hivyo. Umeona faida ya ile namba ndogo iliyopigwa pembeni ya chupa, ambayo wewe huitupa na boksi? Bila namba hiyo ingebidi kutupa chupa zote nchini, au kutotupa hata moja!

Basi dada, basi kaka, usitupe boksi kabla ya kumaliza dawa.

WHO inakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au haifiki kiwango. Moja kati ya kumi! Bandia si lazima iwe na sumu. Nyingine ni unga usio na dawa yoyote, na mgonjwa huzidiwa huku akiamini anatibiwa.

Unaweza kuingiza maabara nzima kwenye buti la gari? Ndiyo. Ipo iitwayo Minilab, iliyobuniwa Ujerumani, ambayo hukaa ndani ya masanduku mawili na kuchunguza aina zaidi ya 100 za viini vya dawa. Wakaguzi wa Kenya wameitumia mashinani kuchuja dawa, na zile zinazotiliwa shaka hupelekwa maabara kubwa Nairobi.

Maabara hiyo kubwa ya taifa ilianzishwa kisheria mwaka 1992, na mwaka 2008 WHO ikaithibitisha kuwa ya kiwango cha dunia. Hospitali za misheni nazo zina hazina yao: shirika la MEDS, lililoanzishwa mwaka 1986 na Wakatoliki kwa Waprotestanti pamoja, husambaza dawa na lina maabara yake ya kuzipima. Ukitibiwa katika hospitali ya misheni, huenda kidonge chako kilipitia huko.

Na kabla ya yote hayo, mkaguzi wa Kenya huenda alipanda ndege hadi India kukikagua kiwanda chenyewe. Huangalia maji na hewa, huangalia hata nguo za wafanyakazi na daftari la kusafisha mashine. Safari hizo si anasa: Afrika huagiza zaidi ya asilimia 70 ya dawa zake kutoka nje.

Lakini subiri, kuna raha inayokuja. Mji wa Kikuyu, kaunti ya Kiambu, una kiwanda cha Universal Corporation. Mwaka 2022 kikawa cha kwanza Afrika kuthibitishwa na WHO kutengeneza SP, vidonge wanavyopewa wajawazito kujikinga na malaria, na mwaka uliofuata kikathibitishwa kwa dawa ya pamoja ya virusi vya UKIMWI. Kilifi nako kiwanda cha Revital hutengeneza sindano za chanjo zinazojifunga zenyewe zikishatumika mara moja. Hakuna wa kuzirudia!

Na chanjo zenyewe? Afrika hutengeneza takriban asilimia 1 tu ya chanjo inazotumia. Lengo la bara zima ni asilimia 60 ifikapo mwaka 2040. Halifikiki bila bodi za dawa zenye uwezo wa kusema ndiyo haraka na hapana bila woga.

Umesikia "kifaa cha tiba" ukawaza mashine kubwa ya eksirei? WHO inakadiria kuna aina milioni 2 za vifaa vya tiba duniani! Bendeji ni kifaa cha tiba, na kiti cha magurudumu, na kipimo cha mimba unachonunua kwa siri Gakoromone. Vyote vinahitaji mtu wa kuvikagua, na ndiyo sababu mwaka 2019 sheria ilirekebishwa kuipanulia bodi orodha ya kazi.

Kondomu nayo ni kifaa cha tiba. Kabla ya kundi kuidhinishwa, baadhi yake hujazwa hewa hadi zipasuke, na ile ya ukubwa wa kawaida lazima ihimili angalau lita 18. Hiyo ni karibu ujazo wa mtungi mzima wa maji wa lita 20!

Maji huchemka nyuzi 100, sivyo? Sivyo, kama uko Meru mjini! Mji upo mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 95, na kileleni Mlima Kenya, mita 5,199, huchemka karibu nyuzi 83. Na hospitali haichemshi tu mikasi ya upasuaji. Huitia kwenye mashine ya mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, na mashine hiyo nayo ni kifaa kinachotakiwa kukaguliwa.

Kipimajoto cha zebaki cha nyanya bado kipo kabatini? Mkataba wa dunia wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviagiza. Kikivunjika, usiiguse zebaki kwa mikono wala usiifagie kwa ufagio.

Na kile kibanio cha kidoleni kinachosoma hewa kwenye damu? Wazo lake lilitoka kwa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Hewa yenyewe, oksijeni ya hospitali, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Ndiyo, oksijeni ni dawa, ina kipimo chake, na ikizidi hudhuru!

Orodha hiyo ya WHO ilitoka mara ya kwanza mwaka 1977. Kenya ilikuwa na yake mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kuanza kusajili dawa. Tulijua tunachohitaji kabla hatujajua kilichomo madukani.

Joto sasa. Dawa zinazouzwa Ulaya hujaribiwa kwa muda mrefu katika nyuzi 25. Zinazokuja nchi kama yetu zinatakiwa zijaribiwe nyuzi 30. Lakini gari lililofungwa vioo juani pale Ishiara hupita nyuzi 30 upesi sana. Usiache dawa ya mtoto kwenye dashibodi.

Na oksitosini je, ile sindano inayomzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua? Inapaswa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu kimyakimya, chupa ikionekana ile ile na muuguzi akiidunga kwa moyo mweupe. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua kazi moja ya kwanza kwa bodi, ningechagua hii: kufuatilia dawa za baridi kutoka bandarini hadi zahanati ya mwisho ya Mbeere.

Tazama chupa ya chanjo mtoto akipelekwa kliniki. Utaona duara lenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukiwa na rangi sawa na duara au mweusi zaidi, joto limeiua. Mwulize muuguzi akuonyeshe, atafurahi!

Unaishi karibu na viwanda vya chai vya Rukuriri au Githongo? Basi hii ni yako. Chai huzuia mwili usifyonze madini ya chuma, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji, na kikombe kingoje saa moja au zaidi. Maziwa nayo huipunguzia nguvu tetrasaiklini, dawa ya bakteria.

Paracetamol, dawa ya kila nyumba, ina mpaka wake. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ukichanganya na dawa ya mafua yenye paracetamol ndani, waweza kuuvuka bila kujua, na ini ndilo hulipa.

Wafugaji wa Imenti, dawa ya ng'ombe ina msimamizi wake mwingine, Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, iliyoundwa kwa kanuni za mwaka 2015. Zile siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa, zilizoandikwa kwenye chupa, zina sababu nzito. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani!

Je, wajua kwamba bodi za dawa nazo hupewa alama kama wanafunzi? WHO hutumia ngazi 4, na jirani yetu Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kufika ngazi ya 3, Desemba 2018. Hongera zao za dhati. Bodi yetu nayo imeiweka ngazi hiyo kwenye malengo yake.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka Kenya iwe na chombo kimoja cha kusimamia bidhaa zote za afya. Na bara zima sasa lina Wakala wa Dawa wa Afrika, makao yake Kigali. Mkataba wake ulianza kufanya kazi tarehe 5 Novemba 2021. Julai 2025 Uswisi ilipoidhinisha dawa ya kwanza ya malaria kwa watoto wachanga wa chini ya kilo 5, nchi 8 za Afrika zilikuwa zimeshiriki kuipima faili, na Kenya ilikuwamo!

Sasa zamu yako. Bodi ina fomu mbili za rangi: ya manjano ni ya dawa iliyomdhuru mtu, ya waridi ni ya dawa yenye kasoro, kama vidonge vinavyovunjika au maji yaliyobadilika rangi. Mfumo huu ulizinduliwa mwaka 2009, na mwaka 2010 Kenya ikawa nchi ya 98 kujiunga na mtandao wa dunia wa kufuatilia madhara ya dawa. Mtandao huo una zaidi ya ripoti milioni 30, na ripoti ya mama wa Mikinduri hukaa humo pamoja na ya mama wa Tokyo.

Ukiingia duka la dawa, inua macho ukutani utafute cheti cha mwaka huu cha bodi. Usipokiona, toka. Soma tarehe ya mwisho, omba risiti, na ukiona dawa iliyoandikwa kuwa ni ya Serikali na haiuzwi inauzwa, ujue kuna zahanati imeibiwa.

Na dawa ikikuwasha, ikikuvimbisha au ikikosa kufanya kazi, usinyamaze ukaishia kumsimulia jirani. Mwambie mfamasia au muuguzi, au bonyeza *271# kwenye simu yako uripoti mwenyewe. Iandike namba hiyo sasa hivi, kabla hujafunua ukurasa.